Mhandisi Swaumu na Kinu cha Chemba

Assalaam aleikum kwa Waislamu mnaonisikiliza. Amani ya Bwana kwa Wakristo. Na wewe uliyefungua redio ukitafuta taarifa ya mvua, karibu pia, kaa kidogo. Huu ndio muda wetu wa kuwataja waliotutangulia, hapa Dodoma. Leo, wasikilizaji wapendwa, sikuja na sauti ya kilio. Nimekuja kusimulia habari za mwanamke aliyeshinda.

Jina lake ni Mhandisi Swaumu Ibrahimu. Nalirudia kwa aliyekuwa anapuliza moto: Mhandisi Swaumu Ibrahimu. Mzaliwa wa Kondoa. Mkazi wa Area D. Karakana yake ilikuwa Majengo, nyuma ya wauza nafaka. Amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na tisa, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Amezikwa Jumatano, kwao Kondoa. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiun.

Kazi yake ilikuwa nini? Alituliza mashine. Yaani mashine inayotikisika mpaka inapasua ukuta, yeye anaikalisha, nayo inaendelea na kazi. Alisanifu vyombo vinavyoitwa vituliza mtikisiko.

Sasa hapo najua umeniuliza swali, maana na mimi niliuliza. Mimi mama yenu wa redio, elimu yangu ni ya darasa la saba. Mhandisi alipokuja hapa studio mwaka juzi nilimwambia, mhandisi, nieleze kama unavyomweleza mtu anayechambua mchele. Akacheka. Akaniuliza, "Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea?"

Nikamwambia nimewasukuma wengi.

"Ukimsukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, anapanda. Ukimsukuma ovyo, hata kwa nguvu zako zote, hafiki popote. Basi na chuma ni hivyohivyo. Kila chuma kina mwendo wake wa kutikisika. Mota ikizunguka kwa mwendo uleule unaopendwa na jukwaa lililoibeba, ni sawa na mtu anayesukuma bembea kutwa nzima bila kuchoka."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naweka bembea ya pili. Uzito wa chuma, juu ya springi, niliyoitafutia mwendo uleule. Jukwaa likitaka kwenda huku, uzito unavuta kule. Uzito unahangaika, jukwaa linakaa."

Shikeni hilo neno, wasikilizaji wapendwa, maana habari yote ya leo imesimama juu yake. Uzito unahangaika, jukwaa linakaa.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa milimani, Kondoa, ndani ya mwezi wa Ramadhani, ndiyo sababu akaitwa Swaumu. Baba yake, marehemu Mzee Ibrahimu, alikuwa na mashine ya kusaga unga, ya dizeli, kwenye kibanda kilichoegemea nyumba. Kaka yake mkubwa, Mzee Hasani, nilikaa naye msibani tukiwa na kahawa. Akanieleza hivi:

"Mama alikuwa na vikombe vyake vya maua, anavipanga kwenye ubao ukutani. Mashine ikinguruma, vikombe vimetulia. Baba akizima, mashine inapunguza mwendo, ndipo vikombe vinaanza kutembea. Siku moja kimoja kikaanguka. Mama akamwambia baba, mashine yako inavunja vyombo hata ukiizima. Sisi tukacheka. Swaumu hakucheka. Alikuwa mdogo, hata madrasa hajaanza. Kesho yake akaenda akaweka kiganja ukutani, akasubiri baba azime. Mashine inachoka, inachoka, yeye kimya. Mara akasema, 'Sasa.' Na vikombe vikaanza. Ikawa kila jioni hivyo. Baba akamuuliza, unajuaje? Akasema, kuna mahali mashine inapita, ikifika hapo nyumba inaitikia."

Nyumba inaitikia. Mtoto ambaye hajaanza madrasa. Mungu akitaka kumpa mtu kazi humpa mapema.

Akasoma. Shule ya msingi kwao, sekondari ya bweni, chuo cha ufundi, mwisho chuo kikuu huko Dar es Salaam, uhandisi wa mitambo. Akafanya kazi viwandani miaka mingi. Akaolewa na Mwalimu Habibu, wakajaliwa binti mmoja, Ikram. Halafu Dodoma ikaanza kujaa watu na viwanda, naye akasema narudi nyumbani. Akafungua karakana Majengo.

Msidhani alipokewa kwa ngoma. Mtu akiambiwa mashine yake inatikisika, anachokijua ni kuongeza zege chini au kukaza nati. Huyu mama anakuja na kipande cha chuma na springi ya lori, anasema nitakiacha kiningʼinie hapo, na kitakuwa kinacheza. Watu wakamshangaa. Muuza mahindi mmoja, jirani yake wa karakana, alimtania kila asubuhi.

"Mhandisi, leo unakwenda kutundika mawe kwa nani?"

"Kwa yeyote aliyenyamaza akanisikiliza. Wewe bado."

"Mimi mizani yangu haitikisiki."

"Ndivyo wateja wako wanavyolalamika. Haitikisiki hata ukiipakia gunia."

Hapo wauza nafaka wote wanacheka, na siku inaanza. Ndivyo alivyokuwa. Hakugombana, ila hakukubali kuonewa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twendeni Chemba.

Chemba kuna kinu cha kukamua mafuta ya alizeti. Si cha tajiri. Ni cha wakulima wenyewe, akina mama na akina baba waliojiunga. Mwenyekiti wao ni Mama Evarista. Kabla ya kinu, walikuwa wakivuna alizeti na kumngoja dalali. Dalali anakuja anapotaka, anataja bei anayotaka, na mbegu imejaa ndani ya nyumba panya wanakula. Walipopata kinu chao, mafuta yakawa yao, na mashudu ya kulishia mifugo yakawa yao. Mama Evarista aliniambia, "Mwaka ule wa kwanza nilimwona dalali anapita barabarani, akasimama kuomba maji ya kunywa. Nikampa. Nikamwambia kunywa taratibu, hakuna haraka, hapa hakuna mzigo."

Lakini kinu kile kilikuwa na ugonjwa. Mashine zote zilikaa juu ya jukwaa moja la chuma. Kulikuwa na chekecheke la kusafisha mbegu, mashine ya kubangua maganda, na bomba refu la kupandishia mbegu juu. Mota moja, shafti moja, mikanda inagawa nguvu kwa zote. Kikiwaka, jukwaa linatetemeka, kuta zinatetemeka, ardhi inatetemeka. Na jirani ya kinu, ukuta kwa ukuta, kuna zahanati. Chumba cha mwisho upande ule ndicho wanachojifungulia akina mama. Ukuta wa chumba kile ukapata ufa. Ufa ukaanza chini kama uzi, mwisho ukafika dirishani.

Mkaguzi akaja. Kijana mstaarabu, hana ubaya na mtu. Akaweka kiganja kwenye ule ukuta, kinu kikiwa kinafanya kazi, na mama mmoja akiwa amelala kitandani na mtoto wake mchanga. Akatoka nje akawaambia wanachama, "Wazazi wangu, siwezi kuacha hali hii. Nitarudi alizeti mpya ikianza kuingia. Nikikuta ukuta bado unatetemeka, mashine zinang'olewa."

Mashine zinang'olewa. Yaani wanarudi kwa dalali. Hilo ndilo lililokuwa mezani, wasikilizaji wapendwa, hakuna jingine. Kinu kitulie, au kinu kife.

Walijaribu zege. Zege likapasuka. Wakajaribu kukaza nati, zikalegea. Wengine wakasema tuuze mashine mapema kabla hazijang'olewa. Mama Evarista akasema, "Nani atanunua kitu kinachocheza sindimba?" Ndipo mtu akamtaja yule mama wa Majengo anayetundika mawe.

Wakati huo Mhandisi Swaumu alikuwa ameshaanza kusafishwa damu hospitali. Anakwenda, anakaa na mashine, anarudi amechoka. Binti yake Ikram alipomwona anafunga begi la vifaa, akasimama mlangoni.

"Mama, Chemba tena? Daktari amesema upumzike."

"Nitapumzika jukwaa likipumzika."

"Hilo jukwaa lina mwenyewe?"

"Lina wenyewe wengi. Nipishe mlango, mwanangu, au nibebee begi."

Ikram akabeba begi. Akawa dereva wake tangu siku hiyo.

Alipofika Chemba hakugusa mashine kwanza. Aliomba uwele. Mama Evarista akadhani mgeni ana njaa, akaagiza na mboga. Mhandisi akasema hapana, nataka uwele usiopikwa, mkavu, kibaba kimoja. Akapanda juu, akamwaga uwele kwenye mabamba ya jukwaa, akasema washeni. Uwele ukaanza kukimbia. Mahali pengine unaruka kama umewekwa kwenye kikaango. Mahali pengine unajikusanya, unalala kimya. Alikuwa pia na kifaa chake cha kupimia na simu, akafanya hesabu zake. Lakini uwele aliumwaga ili wanachama waone kwa macho. Akawaambia, "Tazameni. Palipolala ndipo jukwaa limetulia. Palipokimbia ndipo tatizo linapokaa."

Msimamizi wa mashine alikuwa Mzee Iddy, mtu wa makamo ya juu, safi, kanzu yake haina doa hata katikati ya mafuta. Akauangalia uwele, akasema, "Mhandisi, kwa hiyo kuku wangu wangekuja hapa wangejua pa kulia?"

"Wangejua kabla yangu, Mzee Iddy."

Akatengeneza uzito wa kwanza. Jani la springi ya lori, mwisho wake kipande cha chuma, na chuma kile unaweza kukisogeza mbele au nyuma. Ukikisogeza nje, kinacheza polepole. Ukikirudisha ndani, kinacheza haraka. Akakisogeza kidogo kidogo mpaka kikapata mwendo uleule wa mota. Akakifunga chini ya chekecheke. Wakawasha. Chekecheke likatulia. Watu wakaanza kushangilia, na wakati wanashangilia, bomba la kupandishia mbegu likaanza kuyumba kama mtu anayetoka kilabuni.

Mhandisi akasema zima. Akakaa chini. Mama Evarista anasema alimwona amefumba macho, akadhani amezidiwa. Kumbe anafikiri. Akafumbua, akasema, "Tumehamisha ugonjwa. Nimemtibu mmoja, na hawa wamefungwa shafti moja, ni familia moja. Ukimnyamazisha mmoja, mwingine anadakia."

Na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii, kama alivyonieleza. Mashine moja peke yake ni rahisi. Mashine nyingi zilizoshikana, ukigusa huku kunaitikia kule. Halafu zikiwa tupu zina mwendo huu, zikijaa mbegu zina mwendo mwingine. Alikwenda na kurudi, kati ya siku zake za hospitali, msimu mzima wa kiangazi. Mwisho akasanifu vituliza vitatu, kila kimoja mahali pake, kila kimoja na mwendo wake, vikisaidiana. Cha katikati ndicho kikubwa. Kilikaa juu ya jukwaa, mahali pa wazi, anapopita kila mtu.

Siku ya kuviwasha pamoja, jukwaa lilipiga mtikisiko mmoja mota ikipanda mwendo, halafu likakaa. Likakaa kabisa. Muuguzi wa zahanati akaja mbio kutoka upande wa pili kuuliza kwa nini leo hawakamui. Wakamwambia, tunakamua.

Wanachama wakakipa kile kituliza kikubwa jina. Wakakiita Mkamwana. Kwa sababu kwenye nyumba ya harusi, mke wa mwana aliyeingia karibuni ndiye anayehangaika, maji, kuni, vyombo, na wenye nyumba wote wamekaa. Mama Evarista akasema, "Mkamwana anacheza, mama mkwe ametulia." Mhandisi alicheka mpaka akashika ukuta.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini haikuishia hapo.

Alizeti mpya ikaanza kuingia. Mkaguzi akatuma habari kwamba anakuja. Chemba wanajua kupokea mgeni. Walifagia, walipaka chokaa, walichinja mbuzi. Mhandisi akatoka Dodoma na Ikram asubuhi, akafika, akapewa kiti kivulini kwa sababu alikuwa dhaifu siku ile. Mkaguzi akafika. Shikamoo, marahaba, karibu, asante. Akasema kabla ya chakula naomba tuanze na kazi. Akaingia zahanati, akaweka kiganja ukutani palepale. Akaagiza, washeni.

Wakawasha. Wakamwaga mbegu. Na ukuta ukatetemeka.

Ukatetemeka kama zamani, wasikilizaji wapendwa. Vumbi la chokaa mpya likaanza kumwagika kwenye ufa. Mwanachama mmoja akasema kwa sauti ya chini, nilisema tuuze. Mkaguzi akatoa kiganja, akakitazama kilivyo cheupe. Akasema, "Mama mwenyekiti, nasikitika."

Mhandisi akainuka kwenye kiti. Akamwambia mkaguzi, "Baba, nipe nafasi nipande juu." Akapanda ngazi, Ikram nyuma yake, anapumzika kila baada ya vidaraja vichache. Akafika juu. Akakuta Mkamwana amevikwa kitambaa kipya cheupe, kimeshonwa pindo, kimetandikwa vizuri kama meza ya mgeni rasmi. Na hakitikisiki. Akainua kitambaa. Chini yake, kabari ya mti, imegongewa imara kati ya chuma na jukwaa.

"Nani amemvisha?"

Mzee Iddy akasogea. "Mimi, mhandisi."

"Na kabari?"

"Mimi vilevile. Nimeigonga asubuhi. Wageni wanakuja, mwanangu. Wakipanda hapa, kitu cha kwanza wanachokiona ni hiki kinarukaruka kama kimepandwa na pepo. Watasema mashine yenu imelegea hiyo. Nikaona aibu. Nikasema leo na kitulie, wakiondoka nitakifungua."

Mama Evarista alikuwa amefika nusu ya ngazi. "Mzee Iddy, umetumaliza."

"Nilikuwa nasafisha nyumba," Mzee Iddy akasema. "Mtu hasafishi nyumba mgeni akija?"

Sasa hapa, Mzee Hasani anasema, ndipo unapomjua dada yangu. Hakupandisha sauti. Aliketi kwenye kidaraja cha juu akacheka, cheko la mtu asiye na pumzi nyingi. Akasema, "Mama Evarista, mwache. Kosa ni langu. Nimepiga hesabu ya chuma, nimepiga hesabu ya mbegu, tupu na zikiwa zimejaa. Sikupiga hesabu ya adabu. Nilipaswa kujua. Na mimi ni wa huku."

Mzee Iddy akashika nyundo aitoe kabari haraka. Mhandisi akamshika mkono. "Bado. Mwiteni mkaguzi kwanza. Apande aone."

Mkaguzi akapanda. Mhandisi akamwambia ashike ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili. Akashika, meno yakawa yanagongana. Akaonyeshwa kabari. Mhandisi akaagiza mota izimwe, na Mzee Iddy mwenyewe, kwa mkono wake, akaing'oa kabari. Mota ikawashwa upya. Ikapanda mwendo, jukwaa likapiga ule mtikisiko wake mmoja, na Mkamwana akaamka. Akaanza kucheza. Akacheza kwa kasi mpaka macho hayamshiki. Na ukingo uliokuwa mikononi mwa mkaguzi ukakaa kimya.

Mkaguzi aliachia ukingo, akaushika tena. Akateremka, akaingia zahanati, akaweka kiganja ukutani. Akatoka, akapanda tena. Akasema, "Irudisheni ile kabari."

Mzee Iddy akasema, "Mimi siigusi tena."

"Nataka kuona tu, mzee."

"Basi igonge mwenyewe, baba. Mimi leo nimeshafanya usafi wa kutosha."

Watu walicheka mpaka wa kule chini kwenye foleni ya kukamua wakauliza kuna nini. Mota ikazimwa, na mkaguzi akaigonga kabari mwenyewe. Ikawashwa, jukwaa likatetemeka. Ikazimwa, akaitoa. Ikawashwa, jukwaa likatulia. Mama Evarista anasema alikuwa kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Mwisho akafuta mikono, akamtazama mhandisi pale kwenye kidaraja. "Mama," akasema, "nimepita viwanda vingi. Hiki sijakiona."

"Sasa umekiona. Kinang'olewa au haking'olewi?"

"Haking'olewi."

Vigelegele vya siku ile, muuguzi wa zahanati ananiambia, viliwaamsha watoto wachanga wote, na hakuna mama aliyelalamika. Kinu cha Chemba hakikung'olewa. Narudia kwa walio mbali na spika: hakikung'olewa. Ule ufa ulizibwa, ukapakwa rangi, na mpaka leo haujarudi. Dalali naye amehamia biashara ya mbuzi.

Baada ya siku ile mhandisi alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Alimjengea Mkamwana kizimba cha wavu, ili kila mtu amwone anavyocheza na asiweze mtu kumshika. Na kila kinu alichokwenda baada ya hapo, na alikwenda vingi, Kongwa, Mpwapwa, mpaka njia ya Singida, alianza na watu. Anawakusanya wanaofagia, wanaopakia, wanaopika chai. Anawaonyesha uzito, anawaambia, huyu akicheza msimwonee haya. Akitulia ndipo mniite. Na mara nyingi alimchukua Mzee Iddy awaeleze yeye, kwa sababu hakuna aliyeeleza vizuri zaidi. Mzee Iddy akawa anasimama mbele ya watu na kanzu yake safi, anaanza, "Mimi ndiye yule wa kitambaa."

Ikram, binti yake, sasa ndiye mwenye karakana ya Majengo. Aliingia kwa kubeba begi, akabaki kwa kuipenda kazi. Nilimuuliza mama alikuachia nini. Akasema, "Aliniachia masikio. Nikiingia kwenye kinu nasikia nani anamsumbua nani." Na yule muuza mahindi? Siku ya msiba alifunga duka. Mizani yake, anasema Ikram, aliileta karakana mwenyewe, akamwomba aipime.

Wiki zake za mwisho mhandisi alilala nyumbani, Area D, Mwalimu Habibu pembeni yake akimsomea. Aliondoka baada ya sala ya alfajiri, kwa upole.

Jumatano asubuhi, msafara unajiandaa kwenda Kondoa, Mama Evarista akampigia simu Mzee Hasani. Akampa pole. Akamwambia, "Kaka, wanachama wote tuko hapa kinuni. Tunazima, tunakuja kuzika."

Mzee Hasani akamuuliza, "Foleni ipo?"

"Ipo. Mikokoteni imefika barabarani. Lakini watangoja, wanajua."

Mzee Hasani akasema, "Msizime. Dada yangu alihangaika kinu kisizimwe. Tukizime sisi, tena siku ya kumzika?"

Basi wakajigawa. Nusu wakabaki kwenye mashine, nusu wakaja Kondoa. Mzee Iddy alibaki, kwa kupenda kwake. Alisema mtu mmoja hawezi kutupa udongo kaburini na kulinda kinu kwa wakati mmoja. Na wale waliokuja hawakuja mikono mitupu. Wakati tunawapikia waombolezaji, Mama Evarista aliteremsha kwenye gari madumu ya mafuta yaliyokamuliwa alfajiri ile. Niliyashika mimi mwenyewe. Yalikuwa bado na uvuguvugu. Chakula cha watu wote waliokuja kumzika Mhandisi Swaumu Ibrahimu kilipikwa kwa mafuta yale, na kinu nyuma yao kinaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole. Mwalimu Habibu, pole. Nyumba ikinyamaza upande mmoja, hilo nalijua, na najua pia kwamba Mungu huja kukaa palepale palipo wazi. Ikram, pole, na hongera kwa kushika kazi. Mzee Hasani na ukoo wote wa Mzee Ibrahimu kule Kondoa, poleni. Mama Evarista, Mzee Iddy, wanachama wa Chemba, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, amlaze mahali pema peponi. Amina.

Na mimi na wewe tutafakari. Leo ukipita mahali palipotulia, iwe nyumba, iwe kazini, iwe kanisani au msikitini, usidhani pametulia penyewe. Mtafute anayehangaika ili wengine wakae. Ukimpata, usimfunike na kitambaa ukaona umefanya vizuri. Mpe nafasi afanye kazi yake, na umshukuru angali anasikia.

Kabla sijaingia studio nilipiga simu Chemba kuwaambia wafungue redio. Alipokea Mzee Iddy. Nikamuuliza, mnaendeleaje. Hakunisikia vizuri, watu wa foleni walikuwa na kelele, punda nao. Akanijibu kwa nguvu, kama wanavyojibu watu wenye kazi, "Mama, nitakupigia jioni. Tunakamua."